Mtoto alichomwa sindano siku tano na damu haikuota kijidudu: zilikuwa za lazima?

Swali: Daktari, shikamoo. Nina mtoto wa kiume wa wiki tatu, tunaishi Morogoro. Chupa ilipasuka usiku nikiwa nyumbani, nikajifungua kesho yake jioni, na wakati wa uchungu nilikuwa na homa. Mimba ilikuwa imetimia, mtoto alizaliwa na kilo tatu akalia vizuri, lakini baada ya saa chache akaanza kuhema haraka, wakamhamishia wodi ya watoto wachanga. Alichomwa ampisilini na gentamisini siku tano. Damu ilipelekwa maabara kuoteshwa, majibu yakarudi hakuna kijidudu. Najiuliza kama sindano zile zilikuwa za lazima, na kama zimemharibia tumbo au masikio. Tena tangu juzi ana mafua, na wifi yangu anasema nimpe Ampiclox ya matone, eti watoto wake wote amewapa. Nifanyeje? Mama Ibra.

Marahaba, Mama Ibra, na hongera kwa mtoto. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo la leo: hayo matone usimpe. Kama ananyonya kama kawaida, hana joto, anahema bila kuhangaika na kinachomsumbua ni pua tu, basi karibu kila mara hayo ni mafua ya virusi, na antibiotiki haiui virusi. Habari ya wifi nitairudia. Tuje kwanza kwenye sindano.

Kwa maelezo yako, ningekuwa zamu siku ile ningezianzisha na mimi. Chupa iliyopasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kuzaa ni sababu moja ya kushuku maambukizi. Homa ya mama kwenye uchungu ni ya pili. Mtoto anayehema haraka ni ya tatu, na hiyo ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu inatoka kwa mtoto mwenyewe. Zikikutana zote tatu, daktari hasubiri majibu ya maabara.

Hatusubiri kwa sababu mtoto mchanga hana dalili nyingi za kutuonyesha. Mtu mzima mwenye bakteria kwenye damu atatetemeka, atachemka, atasema anaumwa. Mtoto wa siku moja anaweza kupoa badala ya kuchemka. Anaweza kuacha kunyonya tu, au kulegea, au kuhema haraka. Dalili hizohizo huletwa pia na baridi, na sukari kushuka, na maji ya mapafu yaliyochelewa kukauka baada ya kuzaliwa, jambo ambalo huisha lenyewe ndani ya siku mbili tatu. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Na ikiwa kweli ni bakteria, mtoto aliyeonekana hajambo asubuhi anaweza kufa kabla ya jua kuzama. Mwaka 2022 watoto milioni 2.3 duniani walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na maambukizi ni miongoni mwa sababu tatu kubwa, pamoja na kuzaliwa njiti na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka huohuo ulikuta Tanzania ina vifo 24 vya watoto wachanga kwa kila 1,000 wanaozaliwa hai. Kenya ilikuwa na 21. Kwa hiyo tunakubali kuwachoma sindano watoto kadhaa wasiokuwa na bakteria ili tusimkose mmoja aliye nayo.

Umeniuliza kama kutoota kwa damu kunamaanisha sindano zilikuwa bure. Hapana, ingawa si jibu la kupuuza pia. Ili kipimo kiaminike, damu inatakiwa iwe walau mililita moja, ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, na chupa yenye damu hiyo iingizwe haraka kwenye mashine ya kuoteshea. Kwa mtoto wa kilo tatu anayelia, mara nyingi tunaambulia nusu ya hiyo. Na kama wewe mwenyewe ulipewa antibiotiki wakati wa uchungu kwa sababu ya ile homa, dawa ilivuka kondo ikamfikia mtoto, na inaweza kuzuia kijidudu kuota chupani. Hata hivyo, damu iliyochukuliwa vizuri isipoota kitu, na mtoto akawa amechangamka, uwezekano mkubwa ni kwamba hakuwa na bakteria.

Hapa ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo, kwa sababu watu wengi, wakiwemo madaktari wenzangu, wanadhani uamuzi ni mmoja: kumpa au kutompa. Maamuzi ni mawili. La kwanza ni kuanza, na hilo kwa mtoto mwenye dalili linatakiwa liwe jepesi. La pili ni kuacha, na hilo nalo linatakiwa liwe jepesi vilevile. Sisi tunafanya vizuri la kwanza, la pili tunaliogopa. Dawa ikishaandikwa kwenye faili inaendelea kwa mazoea hadi siku tano, saba, wakati mwingine kumi, bila mtu kuuliza tena kwa nini ilianza.

Bakteria wa kweli, kwenye mashine za kisasa za kuoteshea damu, wengi wao huonekana ndani ya saa 36. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 unawataka madaktari wafikirie kuacha dawa saa 36 baada ya kuanza, ikiwa damu haijaota, mtoto yuko vizuri, shaka ya mwanzo haikuwa kubwa, na CRP, kipimo cha damu kinachopanda mwili unapopambana na maambukizi, kinatia moyo. Huko Kaskazini mwa California, mtandao wa hospitali za Kaiser Permanente ulitengeneza kikokotoo kinachopima hatari ya kila mtoto kwa kutumia homa ya mama, saa tangu chupa ipasuke, umri wa mimba na hali ya mtoto mwenyewe. Walipokianza, watoto waliopewa antibiotiki katika saa 24 za kwanza walishuka kutoka asilimia 5.0 hadi 2.6, na waliorudishwa hospitali kwa maambukizi hawakuongezeka. Kikokotoo hicho hakihamishiki kwetu kama kilivyo, maana kinataka kujua maambukizi ni mangapi katika eneo husika, na hospitali zetu nyingi hazina takwimu hiyo. Funzo lake linahamishika: angalia mtoto, mwangalie tena, halafu uamue.

Siku tano za Ibra basi nazionaje? Kama saa 48 zilipotimia alikuwa anahema vizuri na kunyonya, na majibu ya damu yalikuwa mezani, mimi ningesimamisha. Lakini sikuwepo. Hujaniambia aliacha kuhema haraka siku ya ngapi, wala majibu yalirudi siku gani. Maabara nyingi nje ya hospitali kubwa majibu yanachukua siku tatu hadi tano, na daktari asiyekuwa na majibu, mwenye wodi iliyojaa, hataki kumruhusu mtoto ambaye huenda atarudi usiku amekakamaa. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Kinachonikera ni pale majibu yanaporudi siku ya pili na kubaki maabara kwa sababu hakuna aliyeyafuata.

Sasa madhara. Dawa zenyewe tumejifunza kuziogopa kwa gharama. Mwaka 1956 William Silverman na wenzake wa New York walichapisha jaribio walilofanya kwa watoto njiti: kundi moja lilipewa penisilini na dawa ya salfa kuwakinga maambukizi, jingine oksitetrasaiklini. Kundi la salfa walikufa wengi zaidi, na ubongo wa wengi wao ulikuwa umepakwa manjano. Salfa ilikuwa imeibandua bilirubini, ile rangi ya manjano ya kwenye damu, kutoka kwenye protini inayoibeba, ikaachwa huru kuingia ubongoni. Miaka michache baadaye ikagundulika kwamba kloramfenikoli huwafanya watoto wachanga wageuke rangi ya kijivu na kuzimia, kwa kuwa ini lao bado haliwezi kuivunja. Ndiyo maana hadi leo nikiona seftriaksoni imeandikwa kwa mtoto wa wiki ya kwanza mwenye macho ya manjano nahoji. Inapendwa kwa kuwa unachoma mara moja kwa siku, lakini nayo inaibandua bilirubini, na haitakiwi kukutana na dripu yenye kalisi. Ampisilini na gentamisini alizopewa mwanao ndizo zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuanzia. Hawakukosea dawa.

Kuhusu tumbo, utumbo wa mtoto anayezaliwa ni shamba jipya. Anayewahi kupanda ndiye anayestawi. Kwa mtoto anayenyonya, wanaotakiwa kuwahi ni bakteria aina ya bifidobakteria, ambao chakula chao ni sukari maalumu zilizomo kwenye maziwa ya mama ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Antibiotiki inawapunguza hao na kuwaachia nafasi bakteria wengine, kina Klebsiella na Enterokokasi, wanaoweza kuleta maambukizi. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio lililogawa watoto wachanga kwa bahati nasibu katika mchanganyiko wa dawa tatu tofauti, wakawalinganisha na wasiopewa kitu. Mabadiliko ya utumbo yalionekana, na mengine yalidumu hadi mwaka mmoja. Jambo la kukutuliza: mchanganyiko wa penisilini na gentamisini, ndugu wa karibu wa alichopewa Ibra, ndio uliovuruga kidogo kuliko mingine. Mabadiliko hayo yana maana gani kiafya baadaye? Zipo tafiti zinazohusisha antibiotiki za mapema na pumu, mzio na unene. Nyingi zimeangalia tu nani alipewa na nani alikuja kuumwa, na mtoto aliyepewa dawa mara nyingi ana mengine yanayomtofautisha na asiyepewa. Usikose usingizi kwa hilo.

Kwa watoto njiti habari ni nyingine kabisa. Mwaka 2009 Wamarekani walipitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 5,000 waliozaliwa na uzito usiozidi kilo moja. Wale walioendelea na antibiotiki siku tano au zaidi, ilhali damu haikuota kitu, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa au kupata kuoza kwa utumbo. Kwa njiti, basi, kila siku ya dawa isiyo na sababu ina uzito wake. Ibra si njiti.

Masikio ni swali zuri, na wazazi wachache huliuliza. Gentamisini inaweza kuua seli zinazosikia ndani ya sikio, na inaweza kuumiza figo. Kwa mtoto mwenye figo nzima, aliyepewa dozi sahihi kwa uzito wake na kwa siku chache, madhara hayo ni nadra. Lipo kundi dogo ambalo hata dozi sahihi inaweza kuwaziba masikio moja kwa moja, kwa sababu ya kasoro ndogo ya kijenetiki. Uingereza inakadiriwa kumpata mtu mmoja katika kila 500, na watafiti wa Manchester wametengeneza kipimo kinachomgundua mtoto wa namna hiyo kwa dakika 26 hivi kabla hajachomwa. Kwetu hakipo wodini. Lakini kasoro hiyo hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo kuna kipimo cha bure: muulize mama yako na bibi yako kama upande wenu kuna mtu aliyekuwa kiziwi baada ya kuchomwa sindano, hasa zile za streptomaisini walizokuwa wakichomwa wagonjwa wa kifua kikuu zamani. Akiwepo, Ibra apimwe masikio mapema, na yeye na ndugu zake wasichomwe dawa za jamii hiyo bila daktari kuambiwa.

Madhara yanayonisumbua zaidi hayapo kwa Ibra. Yako kwa mtoto atakayelala kwenye kitanda kile baada yake. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya ufuatiliaji wa watoto wachanga 3,204 walioshukiwa kuwa na maambukizi ya damu katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo. Kijidudu kilichoongoza kilikuwa Klebsiella, na sehemu kubwa ya walioota hawakusikia dawa za kuanzia. Madaktari wa hospitali hizo walitumia michanganyiko ya antibiotiki zaidi ya 200. Hesabu ya namna hiyo inaonyesha watu wanaopapasa gizani: dawa ya kwanza ikishindwa unajaribu ya pili, ya pili ikizoeleka inageuka kuwa ya kwanza, na meropenemu, antibiotiki kali tuliyokuwa tukiitunza kwa dharura, inakuwa ya kila siku. Klebsiella hukaa kwenye mikono yetu, kwenye mabomba ya hewa, kwenye masinki. Kila kozi isiyo ya lazima inaua bakteria dhaifu na kumwachia nafasi aliye sugu, naye anasafiri kwa vidole vya muuguzi mmoja anayehudumia watoto ishirini.

(Kwa hiyo mama anayemkumbatia njiti wake kifuani anapunguza antibiotiki kuliko semina zetu nyingi. Jaribio la mwaka 2021 lililofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo, lilionyesha kwamba kuanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa kulipunguza vifo vya watoto wenye uzito mdogo kwa robo, na maambukizi yalipungua pia.)

Sasa wifi. Mwambie kwa adabu kwamba watoto wake walipona mafua kwa sababu mafua hupona. Ampiclox ni ampisilini na kloksasilini, na hiyo Klebsiella niliyoitaja haiogopi hata mojawapo kati ya hizo mbili, haijawahi kuziogopa. Chupa inayochanganywa nyumbani kwa maji yasiyopimwa na kudondoshwa kwa makadirio haina dozi ya kueleweka. Kibaya zaidi, ikiwa mtoto ana maambukizi ya kweli ya damu au uti wa mgongo, matone yatazipoza dalili kidogo bila kuua ugonjwa. Mtamleta siku ya tatu badala ya ya kwanza, na nikiotesha damu haitaota. Mtoto wa chini ya miezi miwili ama anaumwa kiasi cha kuhitaji kuonwa na mtaalamu leo, ama haumwi kiasi cha kuhitaji antibiotiki. Hakuna hali ya katikati ambayo dawa yake inauzwa dirishani.

Utasikia kuna watoto wanaotibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya kunywa. Ni kweli. Majaribio yaliyofanyika Kongo, Kenya na Nigeria na kuchapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba baadhi ya watoto ambao familia zao haziwezi kufika hospitali wanaweza kutibiwa kituo cha karibu kwa gentamisini ya sindano na amoksisilini ya kunywa. Lakini hao walichunguzwa na mhudumu aliyefundishwa, wakapimwa uzito, wakafuatiliwa. Wale mahututi hawakuingizwa humo.

Kwa mafua ya Ibra, tia matone mawili matatu ya maji ya chumvi ya dawa, yale ya kununua, katika kila tundu la pua kabla ya kunyonya, mnyonyeshe mara nyingi kidogokidogo, na wenye kikohozi wamkae mbali, wifi akiwemo. Nunua kipimajoto. Usikisie kwa kiganja. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, akiacha kunyonya au akinyonya kwa kusuasua, joto likifika 37.5 au likishuka chini ya 35.5, mbavu zikiingia ndani anapovuta pumzi, akianza kuguna, akipata degedege, au akiwa amelala mpaka umtikise ndipo asogee. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 60 hesabu tena, na zikibaki hapo, ondoka. Kitovu kinachotoa usaha au wekundu unaosambaa tumboni nao usiungoje.

Tumbo lake halihitaji dawa ya kulirudisha. Poda za bakteria wazuri zinazouzwa kwa bei kubwa, kwa mtoto mwenye afya aliyezaliwa mimba ikiwa imetimia, siziandiki. Mpe ziwa peke yake mpaka miezi sita. Gripu wota na dawa za mchango kaa nazo mbali. Ukiona utando mweupe kwenye ulimi na mashavu kwa ndani ambao haufutiki, huo ni fangasi, huja mara nyingi baada ya antibiotiki, na una dawa yake kliniki.

Masikio apimwe hata kama ukoo wako hauna historia hiyo: ukienda kliniki ya wiki sita omba rufaa ya idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya mkoa. Akifika miezi mitatu hashtuki kwa kishindo wala hatulii akisikia sauti yako, usingoje rufaa, nenda. Na mwombe muuguzi aandike kwenye kadi yake ya kliniki majina ya dawa alizochomwa, siku ngapi, na kwamba damu haikuota kitu, maana daktari atakayemwona akiwa na homa mwezi ujao atataka kujua hayo kabla ya kuchagua dawa.